Chupa Juu ya Mparachichi

Mimi si mtu wa kutulia. Marehemu mama alikuwa akisema nilizaliwa nimesimama. Lakini tangu Julai ile imezidi. Simu naiweka mfukoni hata nikiwa darasani, kinyume cha sheria niliyowatungia wanafunzi mimi mwenyewe, na ikiita kwa namba ya kijijini moyo unanipasuka kabla sijasema haloo. Wanafunzi wameshaniona, wananicheka chinichini, na mimi najifanya sioni.

Nafundisha historia na uraia katika sekondari moja ya hapa Makambako, mji wa njia panda, ambako malori ya Mbeya na ya Songea yanaachana na upepo hauna mwenyewe. Baba anaishi peke yake kijijini, ng'ambo ya mji wa Njombe, saa moja kwa kosta na nusu saa nyingine kwa bodaboda. Ni mzee wa kanisa, Mlutheri wa kuzaliwa, mtu wa redio na viazi vya kuchemsha. Nyuma ya nyumba ana mteremko wa miparachichi. Juu ya shamba inapita njia ya kijiji. Chini, kwenye kona ya mwisho, baadaye aliandaa mashimo matatu ya miche mipya, akayafunika nyasi kavu ili mbolea iive. Ukivuka mfereji ulio baada ya mashimo hayo unaingia kwa jirani yetu, mtu wa Makete aliyehamia hapa akiwa kijana. Yeye na baba wamezeeka pamoja kwa utani na ulanzi, pombe yetu ya mianzi. Mimi namwita baba mdogo.

Kosa ni langu, nisizunguke. Lilianza Jumamosi moja, tukiwa jikoni na redio. Taarifa ya habari ikasema mkubwa mmoja wa huko mbali ameikumbusha tena dunia kwamba ana silaha za nyuklia. Baba akapunguza sauti.

"Mwalimu," akaniita, hivyo ndivyo huniita akitaka kunichokoza. "Hebu nieleze. Wamelitengeneza hilo bomu kwa shida yote hiyo, halafu miaka nenda rudi hawalitumii. La nini sasa?"

"La kutisha, Baba."

"Kutisha tu?"

"Kutisha tu." Nikamweleza kama ninavyowaeleza wanafunzi. Kwamba zamani walikuwa wakubwa wawili, kila mmoja akijua kuwa akimpiga mwenzake naye haponi, basi wakakaa wakikodoleana macho miaka na miaka. Kwamba bomu la namna hiyo linafanya kazi likiwa limelala, na siku likiamka, kazi yake imeshindikana. Nikaona nimesema vizuri. Sisi walimu tuna ugonjwa huo.

"Na huyo mwingine atajuaje kama kweli unalo?"

"Si lazima ajue. Akiwa na wasiwasi inatosha."

Baba akachovya kiazi kwenye chumvi, akakitafuna taratibu. "Akiwa na wasiwasi inatosha," akarudia. Ningejua, ningeuma ulimi.

Mwaka ule wezi wa parachichi walikuwa wamemchosha kabisa. Siku hizi kila mtu huku kwetu ana parachichi, na asiye nayo anamjua mwenye nayo. Wezi huingia wakachuma hata matunda machanga, wakavunja na matawi. Baba alikuwa amelalamika kwa mwenyekiti, amelalamika kanisani, amelalamika kwa Mungu. Kote huko aliambiwa avumilie.

Wiki mbili baadaye nikafika nyumbani nikakuta chupa. Imening'inia kwenye mparachichi wa kwanza, ule ulio kando ya njia, pale ambapo kila apitaye lazima aione. Chupa ya soda, shingoni imefungwa kitambaa cheusi, ndani maji meusi ti, na unyoya wa kuku unaelea. Nikasimama. Kwetu hata mtoto wa chekechea anajua kago ni nini. Ni dawa ya mwenye shamba, na ukiingia bila ruhusa yake utavimba tumbo, au utaganda palepale ulipo kama mti mpaka mwenyewe aje akufungue. Mzee wa kanisa na kago! Nilihisi damu imenipanda kichwani.

"Baba, umerogwa?"

Alicheka mpaka akakohoa. "Chai ya rangi hiyo, mwanangu. Chai na masizi ya sufuria. Unyoya ni wa yule jogoo tuliyemla Pasaka."

"Na kanisani ukiulizwa?"

"Nitasema ni chupa. Kwani siyo chupa?"

"Na kijijini?"

"Huko sijasema kitu. Nimewaachia wasiwasi wao."

Nilicheka na mimi, tena nilicheka mpaka machozi yakanitoka, na nitasema ukweli hata kama unaniumbua: nilijivunia. Msimu ule hakuibiwa hata tunda moja. Jumatatu nikawasimulia wanafunzi bila kumtaja, mzee mmoja na chupa yake ya chai, darasa likaangua kicheko. Binti mmoja wa nyuma, mkimya, akanyoosha mkono. "Madam, kama kutisha kunafanya kazi, mbona vita haviishi?" Nikamwambia hilo tutalizungumza wiki ijayo. Wiki iliyofuata nikafundisha mada nyingine.

Ningekuwa na akili ningebaki na swali lile, maana jibu lilikuwa linaota kijijini kwetu. Wezi walipoliogopa shamba la baba, walihamia kwa jirani. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Baba mdogo naye akatundika kibuyu chenye kitambaa chekundu, na watu wakasema amekitoa Manda, kule ziwani, kwa fundi asiye na masihara. Baba akaongeza chupa ya pili. Jirani mwingine akazika kitu kwenye kona ya shamba lake, hakusema ni nini. Kabla ya mvua kuisha mteremko mzima ulikuwa umejihami. Ule mchezo wa wakubwa wawili ninaoufundisha ulikuwa umekwisha, na kwetu kama ilivyo duniani walikuwa wengi, wenye nacho, wasiosema kama wanacho, na wanaosingiziwa. Redioni nilisikia mikataba ya kupunguza silaha inakwisha muda wake na hakuna anayekimbilia kuandika mwingine. Nilisikia pia wachambuzi wakisema amani ipo kwa sababu watu wanaogopana, na nikawa nabishana na redio peke yangu kama kichaa.

Maana amani tulikuwa nayo, si uongo. Lakini ile njia ya mkato iliyopita katikati ya miparachichi iliota majani. Wanawake waliokuwa wakiingia kuokota kuni waliacha. Baba mdogo, aliyekuwa akivuka mfereji kila jioni na kopo lake la ulanzi, sasa alizunguka kwa njia ya juu na kupiga hodi barabarani kama karani wa sensa. Wakiongea, waliongea juu ya mvua.

Nikamwambia baba, "Hebu mwambie basi baba mdogo peke yake kwamba ni chai."

"Nikimwambia yeye, atamwambia mkewe. Mkewe ni gazeti."

"Ni rafiki yako!"

"Ndiyo, rafiki yangu," akasema, akaongeza sauti ya redio.

Basi ikaja Julai. Baridi ya Njombe ya mwezi ule anaijua aliyeionja, asubuhi nyasi zinakuwa nyeupe na maji ya kwenye ndoo yanauma meno. Nilikuwa darasani, saa nne hivi, simu ikaita. Baba mdogo.

"Kamwene, mwalimu."

"Kamwene, baba mdogo. Niko kipindini."

"Baba yako ameanguka. Alikuwa kwenye ngazi anachuma. Hainuki."

Chaki ilinidondoka. "Yuko wapi?"

"Yupo shambani. Namwona."

"Unamwona? Basi mwinue, mpelekeni hospitali! Mimi nakuja!"

Nikasikia upepo na watu wengi wakinong'ona.

"Mwalimu, siwezi kuingia," akasema. "Unajua mwenyewe kuna nini. Na sisi tunaona kama imemgeukia yeye."

Hapo nikapandwa na wazimu. Nilitoka darasani nikasimama uwanjani, upepo unanipeperusha sketi, nikapiga kelele shule nzima ikanisikia. "Ni chai! Baba mdogo, ni chai ya rangi na masizi! Hakuna dawa pale! Ni chupa ya soda!"

"Mwalimu…"

"Naapa kwa Mungu, ni chai!"

"Ndivyo wasemavyo wenye nazo," akasema kwa upole, kama anayenipa pole. "Nani amewahi kukubali kwamba anayo? Njoo, mwanangu. Njoo umfungue wewe mwenye damu yake." Akakata.

Safari ile sitaisimulia. Saa moja na nusu nilitukana kila lori lililotuzuia, abiria wakaniacha nitukane. Mwenye bodaboda aliyenitoa mjini alipoona chupa alizima injini hatua ishirini kabla. "Dada, mimi naishia hapa," akasema, na nauli hakudai.

Njiani kulikuwa na watu kama arobaini. Walikuwa wamepanga mstari kando ya shamba, hakuna aliyekanyaga ndani. Mtu alikuwa amemrushia baba blanketi, likamfika miguuni tu. Mwingine alikuwa amemrushia viazi. Na walikuwa wanaimba! Wimbo wa ibada ya wagonjwa, sauti zote nne, tenori wamekaa vizuri. Mwinjilisti alikuwa mbele na kitabu chake, akaniambia mchungaji yuko Kidugala mkutanoni, na yeye angeingia ila viatu vyake vinateleza. Nilimtazama viatu. Vilikuwa na meno kama ya trekta.

Baba alikuwa amelala kwa ubavu chini ya ngazi, midomo imekuwa ya kijivu, meno yanagongana. Mguu ulikuwa umekaa upande ambao mguu haukai. Nikamfunika koti langu, nikajaribu kumwinua, akapiga ukelele ambao bado ninausikia. Sikuweza. Alihitaji watu wanne na mlango wa kumbebea, na watu arobaini walikuwa wanatutazama.

Nikarudi kwenye mti wa kwanza. Nikaishika ile chupa, nikakata kamba kwa meno. Umati wote ukarudi nyuma hatua moja, pamoja na tenori.

"Iache!" baba akapaza sauti kutoka chini. "Mwanangu, iache! Usiiguse!"

Wote wakashika vichwa. Walidhani baba anayaokoa maisha yangu. Mimi peke yangu nilijua anaiokoa chupa.

Nikafungua kizibo, nikanywa. Chai iliyochacha, masizi, na ule unyoya ukanigusa mdomo wa juu. Nilikunywa mpaka nusu, nikataka kutapika, nikajizuia maana ningetapika pale wangesema dawa imeshika. Mwanamke mmoja akaanza kulia. Nikafuta mdomo kwa mkono, nikawaambia, "Mmeona? Sasa njooni mniinulie baba yangu."

Hawakuja. Walikuwa wanasubiri nianguke. Jamani, sijawahi kusimama wima hivyo maishani mwangu. Niliogopa hata kupiga chafya. Sijui zilipita dakika ngapi, na kila dakika baba alikuwa juu ya ardhi ile ya baridi. Mwisho baba mdogo akavua kofia, akafumba macho, akaingiza mguu mmoja shambani kama mtu anayepima maji ya mto. Akafumbua jicho moja. Akaingiza wa pili. Ndipo wengine wakamfuata, tena wakakimbia, wakang'oa mlango wa jiko letu bila kuniuliza, na yule mwinjilisti wa viatu ndiye aliyeshika kona ya mbele.

Nyonga ilikuwa imevunjika, na baridi ilikuwa imemwingia kifuani. Hospitalini Njombe alilala wiki nyingi. Kwa siku kadhaa za mwanzo sikujua kama nitarudi naye au nitarudi na jeneza, na nilikuwa natembea kwenye korido mpaka nesi akaniomba nikae kwa sababu nawazungusha wagonjwa vichwa.

Alipopata nafuu nikamuuliza. Nilitaka kungoja apone, lakini mimi na kungoja ni maji na moto.

"Baba, ulikuwa na akili zako wakati wote ule?"

"Nilikuwa nazo."

"Uliwasikia wanaimba?"

"Walikosea ubeti wa pili."

"Basi kwa nini hukuwaambia? Neno moja tu, Baba. Ni chai. Wangeingia!"

Aligeuza uso ukutani.

"Walikuwa wengi mno pale," akasema. "Ningesema, wangejua wote."

Nilitoka nje nikalia kwa hasira. Alikuwa radhi afe na siri ya chai. Halafu nikakumbuka ni nani aliyemwambia kwamba kutisha kunafanya kazi kukiwa kumelala, kwamba wasiwasi unatosha. Nilimfundisha vizuri mno. Kitabuni hakuna mahali wanapokwambia kwamba ukishawatisha watu, siku unayotaka wasikuogope huna neno la kuwaambia wakaliamini.

Alirudi nyumbani na gongo la kutembelea. Hakunisemesha siku mbili nzima. Siku ya tatu akasema, "Umenivua nguo mbele ya watu." Nikamwambia afadhali uchi kuliko maiti. Akaniita mkosa adabu, na kweli nilikuwa mkosa adabu, lakini sikuomba radhi.

"Wewe utarudi Makambako," akasema. "Mimi nitabaki na miti isiyo na kitu, maana hata ile chupa ya pili sasa ni chai tu. Wataingia kuiba."

"Ukianguka wataingia kukuinua."

"Sasa nani amekwambia ni watu tofauti?"



Nikaenda kwa baba mdogo kumshukuru, nikapitia palepale kwenye mfereji. Kibuyu chake bado kilikuwa kinaning'inia na kitambaa chake chekundu. Nikamuuliza, "Na hicho, baba mdogo? Nacho ni chai?"

Alitabasamu na meno yake machache. "Cha kwenu tumeshakijua, mwalimu. Hiki usiniulize."

"Nikikusikia umeanguka?"

Tabasamu likaisha. Akainama kunikaribisha kiti. Akaniambia kitu ambacho sikumuuliza. Kwamba siku ile alimsikia baba tangu saa tatu. Saa nzima alikuwa peke yake pale njiani, akizungumza na baba wa watu, akimwambia vumilia, kabla hajapata ujasiri wa kuita watu na kunipigia. "Nilimsikia, mwanangu," akasema. "Nilikuwa naweza kumfikia kwa hatua kumi." Alilia, mzee yule, na mimi niliyekuja na hasira zangu za akiba nikazikosa za kumpa.

Nilirudi kazini nikiwa roho juu. Yule binti mkimya sikumkwepa tena, nilimwambia mbele ya wenzake kwamba swali lake nilikuwa nimelikimbia. Tulilijadili vipindi viwili, na hatukulimaliza. Akauliza kama ni kweli urani, madini ya kutengenezea mabomu hayo, iliyoko huko kusini siku moja itapita hapa Makambako kwa malori. Nikasema huenda. Akatazama dirishani, barabarani, kama lori limekwishafika.

Msimu uliofuata baba aliibiwa. Miti miwili ya kona ya chini, karibu na mfereji, ilivuliwa matunda yote. Alinipigia simu kunieleza, hakunilaumu, na hiyo iliniuma zaidi kuliko angenilaumu. Nikasema nitakuja Jumamosi. Ijumaa jioni namba ya kijijini ikaita tena, nikapokea kabla haijaita mara ya pili. Alikuwa baba mwenyewe. Ameteleza mlangoni na gongo lake, akaita mara moja tu, na jirani ameshamwinua, hana hata mchubuko, nisije nikatukana malori bure.

Jumamosi nilimkuta uani, ameketi kwenye benchi juani, redio iko pembeni imezimwa. Nikamkagua mikono na magoti kama mtoto.

"Alikuja haraka?" nikauliza.

"Haraka mno. Hakuzunguka njiani, alikata katikati ya shamba. Nilikuwa nimekaa hapo chini kwenye mlango wa nyuma nikamwona anavyokuja." Akasita. "Yale mashimo ya miche, yale niliyoyafunika nyasi."

"Nayakumbuka. Kwenye kona ya chini."

"Ameyaruka yote matatu. Giza limeanza kuingia, anakimbia, na hakuangalia chini hata mara moja."

Tukatazamana. Miti ile miwili iliyovuliwa ilikuwa palepale, juu kidogo ya mashimo. Mashimo hayakuonekana kwa asiyeyajua, yalichimbwa chupa zikiwa zimeshatundikwa, na tangu ile chupa ya kwanza baba mdogo hakuwa amepita huko, angalau sisi tukimwona. Nilishainuka, nimeshafunga kanga kiunoni, nimeshageukia mfereji.

"Njia hiyo ameijua lini?" nikasema.

Baba akanishika kanga akanivuta chini, kwa nguvu ambazo sikujua bado anazo.

"Kaa," akasema. "Mwache aijue."